Ndege Iliyoanguka Mara Tatu

Tulipomzika Gaudensi pale Mjimwema, kamati ya msiba ilinipa mimi kazi ya kuandika na kusoma wasifu wa marehemu. Hakuna aliyeuliza kwa nini mimi. Kwa zaidi ya miaka ishirini, mtu akifa katika mtaa wetu wasifu wake naandika mimi, kwa sababu nina diploma, na kwa sababu, niseme wazi, hakuna mwingine hapa anayeweza kulaza maisha ya mtu kwenye ukurasa mmoja yakalala vizuri. Niliandika alikozaliwa, alikobatizwa, watoto aliowaacha, na karakana yake ya baiskeli iliyokuja kuwa duka la vipuri vya pikipiki. Watu walinishukuru. Mwanawe mkubwa alinishika kwa mikono miwili akasema baba yake angefurahi. Lakini upo mwaka mmoja niliouruka, na hakuna aliyegundua, kwa kuwa waliokuwa wanaujua walikwisha kutangulia. Mwaka huo nilimwonea wivu marehemu kuliko nilivyowahi kumwonea mtu yeyote, na wivu wangu ulimnyang'anya bibi mmoja wiki tano za amani, katika umri ambao wiki tano si kidogo. Kaburini hayo hayasemwi. Nayaandika hapa.

Ulikuwa mwaka niliorudi Songea, wakati maduka yalipoanza kujaa. Sisi tuliopanga foleni za sabuni ya magendo tulikuta sasa sabuni za rangi nne zimepangwa dirishani, marobota ya mitumba yanafunguliwa sokoni kwa vigelegele, na magazeti ya watu binafsi yanashuka kwenye basi la Dar es Salaam yakiwa na umri wa siku mbili, yakigombewa kama mkate. Mimi nilitoka mjini hapa kijana, na ndara za matairi miguuni. Nilibeba mizigo Kariakoo, nikasoma masomo ya jioni, nikapata diploma ya uandishi wa habari, ya kwanza katika kata yetu, nikawa ofisa habari katika shirika la umma. Shirika lilipopunguza watu, wenzangu walilia kwenye ngazi. Mimi nilinunua mashine ya chapa kutoka kwenye mali zilizokuwa zinauzwa, nikapanda basi nayo magotini, nikaja kupanga chumba karibu na soko. Niliweka meza, viti viwili, rafu ya vitabu vyangu na kibao nje: Uchapaji, Habari na Ushauri. Diploma niliitia kwenye fremu nikaitundika mahali ambapo mteja akikaa tu anaiona. Niliandika pia kwa gazeti moja jipya la Dar, nikilipwa kwa kila habari iliyotoka. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na moja na nilijua kila kitu.

Bibi Kandida aliletwa ofisini kwangu na Gaudensi, amekaa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, miguu upande mmoja, kanga imefungwa chini ya kidevu. Gaudensi tulisoma naye mpaka darasa la saba. Yeye hakuendelea. Alitengeneza baiskeli kwenye baraza ya yule bibi, na badala ya kodi alimchotea maji na kumkatia kuni. Bibi alitaka barua ya kwenda serikalini. Mwanawe pekee, Osmundi, alikuwa mpakiaji katika ndege ya mizigo iliyoruka kutoka Songea wakati wa vita vya ng'ambo ya Ruvuma, imebeba unga, mablanketi na dawa za wakimbizi waliokuwa wakivuka mto. Walikuwa watu wanne ndani. Ndege haikufika na haikurudi. Familia ililetewa barua fupi iliyosema imepotea katika hali mbaya ya hewa na mahali hapajulikani. Tangu siku ile bibi alikataa kuweka matanga.

"Shikamoo, Bibi," nilisema. "Unataka niwaandikie nini?"

"Marahaba, mwanangu. Waulize jambo moja tu. Kufa, watu wote wanakufa. Mimi nataka kujua kama alifukiwa."

"Kama alizikwa?"

"Kama kuna mtu aliyemtupia hata konzi moja ya udongo. Nikijua hilo na mimi nitakwenda. Sijui nitamwambia nini nikimkuta huko, nisipojua."

Nilimwambia barua haitasaidia kitu, ila mimi mwenyewe nitachunguza, maana ndiyo kazi niliyosomea. Gaudensi alicheka. "Seve, wewe bado unapenda kuwa kiranja." Nikamwonyesha fremu ukutani kwa kalamu.

Basi nikaanza kwenda kwa Bibi Kandida kila wiki kumpa taarifa. Sebule yake naikumbuka kuliko nyumba nyingi nilizojenga baadaye: viti vitatu vyenye vitambaa vya kufuma, picha ya Moyo Mtakatifu, na ya Osmundi ndani ya shati la kola pana, akitazama pembeni kama aliyeitwa. Mimi niliwekewa meza. Nililetewa ugali kwenye sahani ya udongo, maharage, dagaa wa Nyasa waliokaangwa wakakauka vizuri, na kijiko, na maji ya kunawa kwenye birika. Nikala peke yangu kama askofu. Bibi mwenyewe alikula jikoni, kibanda cha nyuma, na Gaudensi, sinia moja, mikono miwili ikigongana. Dirisha lilikuwa halina kioo. Niliwasikia.

"Bibi, huyu akija mara mbili zaidi, dagaa tutabaki kuwasimulia wajukuu."

"Nyamaza, mla watu wewe. Mwenzio kasoma."

"Kasoma, lakini umemwona anavyokula dagaa? Anamshika mmoja mmoja, utadhani anamhoji."

Kisha kile kicheko cha bibi, kikavu, cha puani, kilichonifanya niweke kijiko chini. Mtu ambaye hajawahi kupewa sebule hatanielewa. Nilikuwa nimeitafuta heshima ile kwa miaka kumi na mitano, nimeipata, na pale mezani nilikuwa tayari kuitoa yote nibadilishane na mtu wa darasa la saba mwenye grisi mpaka kwenye viwiko. Leo naweza kuliandika hilo. Wakati ule nilijiambia kwamba nimechukizwa na kukosa adabu kwake.

Uchunguzi wangu ulikwenda hivi. Mlinzi wa zamani wa uwanja wa ndege, mzee nadhifu mwenye koti la kaki, aliniapia kwamba ndege ilipigwa risasi kutoka ng'ambo ikatumbukia mto Ruvuma. "Nilisikia kwa masikio haya." Nilimuuliza siku hiyo alikuwa wapi. "Hapahapa Songea," alisema bila haya, "lakini askari mmoja alinieleza kila kitu." Kule Maposeni, katekista mmoja alisema ndege ilipita juu ya kanisa wakati wa kengele ya mchana ikielekea magharibi, inanguruma kama tumbo lenye njaa, kwa hiyo iliangukia ziwani. Kwa barua ya serikali ilikuwa imepotea tu, haikuanguka popote. Mimi nilichagua risasi. Ndege iliyopigwa vitani ni habari. Ndege iliyopotea kwenye mvua ni hali ya hewa tu. Nikachapa kurasa tatu nzuri mno, nikazituma Dar kwa basi.

Gaudensi ndiye aliyeharibu mpango. Dereva mmoja wa lori la korosho alikuja kuziba tairi la baiskeli akamwambia kwamba kule Nalasi, kusini ya Tunduru, kuna shamba linaloitwa Kwa Ndege. "Jina halitoki bure," Gaudensi aliniambia. "Twende." Nilikubali kwa sababu moja: angekwenda hata bila mimi. Tulipanda lori hilohilo, baiskeli mbili juu ya magunia, tukalala njiani mara mbili kwa ajili ya tope, na kutoka Tunduru tukaendesha baiskeli mpaka matako yakasahau kazi yake. Mimi nilivaa suti ya kaunda na kubeba mkoba wa ngozi. Gaudensi alivaa kaptura.

Wazee walitupokea barazani kwa mwenyekiti wa kijiji. Mmoja wao, Che Mustafa, mwembamba, kofia ya kufuma, macho ya kuchokoza, aliuliza kabila letu. Nikasema sisi Wangoni. Pale pale aliinuka, akanipokonya mkoba, akauweka kichwani akaanza kuzunguka uwanja kwa madaha. "Tazameni," aliwaambia watu, "mtumwa wangu aliyetoroka zamani za babu karudi mwenyewe, na mzigo kaubeba." Watu walicheka wakapiga makofi. Ni utani, sikuwa sijui. Wangoni na Wayao ni watani. Babu zetu walipigana, walipochoka wakapatana, wakatuachia wajukuu ruhusa ya kutukanana bila kesi na wajibu wa kuzikana. Mngoni yeyote aliyekulia kijijini anajua la kujibu. Gaudensi alininong'oneza, "Seve, mjibu. Mwambie babu yake ulimnunua kwa kata moja ya pombe ya komoni ukadai chenji."

Mimi nikakunja uso. "Mzee, shikamoo. Mimi ni mwandishi wa habari, nina diploma. Sikuja huku kwa mzaha. Naomba mkoba wangu."

Che Mustafa aliuteremsha mkoba, akaufuta vumbi kwa pindo la shati lake, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Marahaba, bwana mkubwa. Utuwie radhi." Nikaletewa kiti kilicho na mgongo. Kutoka dakika ile kila niliyemhoji alisimama wima, akanijibu taratibu, akasubiri niandike. Ndege? Hatukuona, bwana mkubwa. Na lile shamba la Kwa Ndege? Ni ndege wa mitini, bwana mkubwa, wanakula sana mtama. Nilijaza daftari. Nilijisifu kwamba hawa watu wananiheshimu. Huku nyuma, kwenye jiko la mwenyekiti, nilisikia kelele: Gaudensi alikuwa anagombania ukoko wa ugali na Che Mustafa, kila mmoja akidai mwenzake ni mali yake ya urithi, na wanawake wanalia kwa kucheka.

Kesho yake asubuhi kijiji kilikuwa na msiba, mzee mmoja amefariki. Nilikwenda makaburini kwa adabu, nikasimama nyuma. Kaburi lilipokuwa tayari, Gaudensi alirukia ndani akajilaza chali, mikono kifuani. Nilijua kwamba watani hufanya hivyo, hulala kaburini mpaka wapewe chochote ndipo watoke, lakini nilimwona pale na udongo kwenye nywele nikaona aibu ya mtu wa kwetu, na labda kitu kingine, kwa sababu waliofiwa, waliokuwa wamevimba macho, walianza kutabasamu. Niligeuka nikarudi kwa mwenyekiti kuandika. Hilo ndilo kosa la maisha yangu ya kazi. Nimehudhuria mikutano na mawaziri. Jambo kubwa kuliko yote nililotumwa kulisikia lilisemwa nikiwa nimelipa kisogo, hatua mia mbili hivi.

Gaudensi aliniambia tuliporudi Tunduru, kwenye mgahawa, chai na chapati mezani. Hakunyanyua sauti.

"Ilianguka kwao, Seve. Wanne wote wamezikwa. Makaburi nimeyaona."

Alikuwa ameitambua ndege siku ya kwanza, kwa kula. Sufuria ya mwenyekiti ilikuwa nzito kupita kiasi, na chini yake kulikuwa na mistari ya vitundu vilivyozibwa, vimepangana sawasawa. Mtu wa baiskeli anajua misumari ya kubana bati. Alingoja mpaka alipolala kaburini, mahali ambapo mtani hakamatwi kwa neno lolote, akasema, "Sitoki humu mpaka mniambie wenzangu mmewaficha wapi. Ndege mmeila. Mabawa mmesongea ugali, nimeyalamba jana." Watu wakakauka. Ukimya ule, alisema, ulikuwa mrefu kiasi kwamba aliogopa watamfukia kweli. Kisha Che Mustafa akachungulia kutoka juu. "Toka humo, mwizi wa ng'ombe wewe. Na ninyi mlikuwa wapi ndege yenu ilipotuvunjia mikorosho? Mikorosho kumi na moja. Nyinyi mnadai sufuria, sisi tunadai korosho." Kijiji kizima kikacheka, hata waliofiwa, na baada ya maziko wazee wanne wakamshika mkono wakampeleka.

Ilikuwa mvua na ukungu. Walisikia mngurumo ukizunguka mara tatu juu yao, ukitafuta njia, halafu kishindo. Hakukuwa na risasi. Waliwakuta wanne wamekufa. Waliwaosha, wakawakafini kwa mablanketi yaliyokuwemo, wakawaswalia wote, kwa kuwa hawakujua nani wa dini gani. Mmoja alikuwa na rozari shingoni. Walimwachia, wakisema aliyemvika ndiye mwenye haki ya kumvua. Unga waliula, bati walilifua. Baadaye walipoulizwa walikana, kwa sababu siku zile za vita kukutwa na kipande cha ndege kungeweza kukupeleka pabaya. "Che Mustafa kaniuliza," alisema Gaudensi, "'Nani angetuamini, kwamba mabati ya maiti tumeiba lakini maiti wenyewe tumewaswalia?' Wanaomba tusiandike popote. Nimewaahidi."

Nilimwamini tangu neno la kwanza, na sitaki msomaji afikirie vinginevyo. Lakini furaha sikuwa nayo. Kitu pekee kilichokuwa kichwani mwangu ni: kwa nini wewe? Nikasema, "Maneno ya kaburini ni utani. Utani si ushahidi."

"Na makaburi niliyoyaona?"

"Umepiga picha?"

"Kamera ulikuwa nayo wewe," alisema, akamega chapati yake akanipa nusu.

Tuliposhuka Songea, gazeti lilikuwa limefika. Habari yangu ilikuwa ukurasa wa tano, jina langu juu yake kwa herufi nzito. Nilinunua nakala sita. Nilipofika kwa Bibi Kandida nikiwa nimeikunja moja mkononi, nilimkuta Gaudensi amenitangulia. Amechuchumaa mbele ya bibi barazani, anamweleza. Bibi alikuwa anamtazama mdomo.

"Rozari nilikusimulia mimi mwenyewe, Gaudensi," alisema. "Mara ngapi nimekusimulia. Wewe unanifariji tu." Kisha akaniona, akanigeukia, na uso wake, ambao mpaka leo naweza kuuchora, ulikuwa kama wa mtu anayenyoosha mkono gizani. "Mwanangu, wewe uliyesoma. Ni kweli aliyoyasema mwenzio?"

Ilikuwa rahisi. Lilikuwa neno moja. Lakini alikuwa amemsikiliza Gaudensi kwanza, na gazeti lilikuwa mkononi mwangu, na jina langu lilikuwa ndani yake. Nilisema, "Bibi, hayo ni maneno ya watani. Yaliyothibitishwa ni haya." Nikamsomea yote, kwa sauti nzuri, risasi, moshi na mto. Nilipomaliza, aliitikia kwa kichwa. "Basi alikwenda na maji," alisema, akaingia ndani. Gaudensi hakunitukana. Aliokota spana yake akarudi kwenye gurudumu alilokuwa analinyoosha.

Wiki iliyofuata nililetewa ugali sebuleni na mlenda. Dagaa hawakuwepo. Nikadhani wameadimika sokoni. Wiki ya pili hivyohivyo. Wiki ya tatu nilimsikia jirani kupitia dirishani akimletea bibi samaki wabichi, na bibi akimrudishia kwa upole: "Peleka kwa watoto, mama. Mimi samaki siwezi tena. Sijui wamekula nini huko majini." Nilikaa na tonge mkononi. Na ndipo nilipotambua kwamba tangu gazeti lile sijasikia kicheko kutoka jikoni. Walikuwa wanakula kimya, yeye na Gaudensi, sinia moja. Kile nilichokuwa nakionea wivu nilikuwa nimekivunja, na hakikuhamia kwangu. Hata hivyo nilimaliza ugali wangu, nikaaga, nikaenda zangu, na wiki ya nne nikafanya vilevile. Watu wanaosema kwamba dhamira humchoma mtu hapohapo hawajawahi kuwa na jina gazetini. Mimi nilikuwa nimeibandika ile habari ukutani, chini ya fremu, na wateja walikuwa wanaisoma wakisubiri zamu.

Wiki ya tano mnyororo wa baiskeli yangu ulikatika, na mafundi wengine wote walikuwa mbali. Gaudensi aliipindua baiskeli barazani akaanza kazi. Nilisimama. Ndani, bibi alikuwa anakohoa kikohozi kidogo kisichoisha.

"Bibi hali chakula vizuri," alisema Gaudensi, bila kunitazama. "Mimi nimemweleza mpaka nimechoka. Hanisikilizi. Mtu ukimchekesha kila siku, siku ya ukweli anangoja umalizie mzaha." Akapangusa mikono. "Unajua, Seve, diploma yako sijawahi kukuonea wivu. Nilikuwa nakuona tu na kifremu chako, nasema, sawa, kila mtu na lake. Ila sasa nakuonea. Ningekuwa na ile karatasi kwa siku moja tu, ningeitumia leo, kesho ningekurudishia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi yote isipokuwa hilo. Sikungoja mnyororo. Nilizunguka nyumba nikaingia jikoni, mara ya kwanza, nikiinamisha kichwa kwa sababu mlango ulikuwa mfupi. Moshi, mafiga matatu, chungu, kibao cha mbuzi, kigoda kimoja ambacho nilijua ni cha nani.

"Mbona unapita nyuma kama mwizi?" alisema Bibi Kandida. "Sebuleni kuna kiti."

"Bibi, nilikudanganya. Gaudensi alisema kweli. Osmundi alizikwa."

Hakuacha kukoroga. "Na gazeti?"

"La gazeti nililibuni mimi. Ya Gaudensi niliyajua kuwa kweli siku ileile nakusomea."

"Kwa nini, mwanangu?"

Nilikuwa na majibu ya kisomi kadhaa. "Kwa sababu aliyapata yeye," nilisema.

Alinitazama bila hasira, kama mtu anayetazama nguo aliyokuwa ameisifia akaona ilipotoboka. Kisha akaanza kuuliza, moja baada ya jingine, na mimi nikajibu yote kama nilivyoyasikia kwenye mgahawa: nani aliwaosha, walivikwa nini, kaburi ni la pamoja au la peke yake, liko kivulini au juani. La peke yake. Kivulini, chini ya mikorosho iliyopona. Rozari wamemwachia. Na sala? Wamewaswalia kwa Kiislamu, wote wanne. Hapo aliuweka mwiko chini. "Wayao wale," alisema. "Mwanangu katoka hapa Mkatoliki, wao wamemzika Athumani." Akacheka kile kicheko cha puani, na kicheko hakikusimama mahali pake, kikageuka, akalia kilio kile kinachopigwa siku ya kwanza ya msiba, ambacho alikuwa hajakilia kwa miaka yote ile. Majirani walikuja mbio. Gaudensi aliingia, akanipita, akakaa chini akamshika. Jioni ile mkeka ulitandikwa uani, na msiba wa Osmundi ukaanza.

Siku ya tatu bibi aliniita na mashine yangu ya chapa. Alitaka barua kwenda Nalasi ya kuomba udongo wa kaburi, lakini alikataa katakata niandike maneno ya kuomba. Alinitamkia mwenyewe, amejiegemeza ukutani: kwenu wezi wa mabati, mnaopika ndani ya mbawa za ndege na kujiita watu. Nilichapa. Gaudensi alimrekebisha mara mbili kwamba tusi fulani ni la Wabena, Wayao hawatalielewa. Gazetini sikuandika masahihisho. Tulikuwa tumeahidi, na nitakuwa mkweli, ahadi ile ilinifaa. Ila niliondoa ile habari ukutani.

Jibu lilikuja baada ya mwezi, na dereva wa korosho, pamoja na udongo uliofungwa kwenye kitambaa cheupe. Bibi aliupokea magotini, akaufunika kwa viganja vyake viwili, akasema barua isomwe kabla hatujakwenda makaburini. Uani palikuwa pamejaa. Iliandikwa kwa penseli na mkono wa mwanafunzi. Nilisimama nikasoma. Kwako wewe mama wa wezi wa ng'ombe, uliyechelewa kuja kumtazama mwanao mpaka sisi watu safi tukamtunzia. Watu wakaanza kucheka. Na kwako mtumwa wetu Gaudensi uliyetoroka kaburini, rudi upesi ulipe mikorosho kumi na moja au tutakuozesha kwa bibi yetu asiye na meno. Walicheka mpaka wengine wakashika miti ya uzio. Bibi alikuwa anajipangusa macho kwa pembe ya kanga. Nikafika mstari wa mwisho, nikausoma kwa sauti ileile niliyosomea mingine: Na yule bwana mkubwa mwenye diploma, tunamsalimu kwa heshima zote.

Nikangoja. Hakuna aliyecheka. Gaudensi alitazama chini, akachora kitu mchangani kwa kidole cha mguu.

"Wamekukumbuka na wewe," alisema Bibi Kandida. Kisha akavuta kile kifurushi karibu na tumbo lake. "Hebu rudia pale wanaponiita mama wa wezi."

Nikarudia.